Kiingereza Kilipokuwa na Mjomba na Ami

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wafasiri wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa huko nyuma hadi mlangoni: ahsanteni kwa kuja.

Nimepewa mada ya maneno ya kale ya Kiingereza, yale ambayo Waingereza wenyewe wameshayaacha. Kwa kawaida mada hii huendeshwa kama maonyesho ya vioja. Linatajwa neno la ajabu, watu wanacheka, linatajwa jingine, saa inakwisha. Leo naomba tupite njia nyingine. Neno likiwa hai lina kazi linayoifanya katika maisha ya watu. Likifa, tuulize kazi ile imerithiwa na nani. Nimekuwa nikiuliza swali hilo kila ninapofungua kamusi za lugha ile, na mara nyingi jibu ninalolipata linanihuzunisha: haikurithiwa na yeyote. Watu waliacha tu kutofautisha jambo ambalo babu zao walilitofautisha kila siku.

Nitaanza na ukoo, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita, ambacho wataalamu hukiita Kiingereza cha Kale, kilikuwa na neno "ēam". Maana yake ni mjomba, kaka wa mama, hakuna mwingine. Kaka wa baba aliitwa "fædera", neno lililojengwa juu ya "fæder", baba, kama sisi tunavyosema baba mkubwa na baba mdogo, au ami kwa watu wa pwani. Dada wa baba alikuwa "faðu", yaani shangazi. Dada wa mama alikuwa "mōdrige", na humo ndani mnaisikia "mōdor", mama, kama tunavyoisikia katika mama mkubwa na mama mdogo. Watu wanne, majina manne. Mswahili angekaa na watu wale barazani na wakaelewana kuhusu ukoo pasipo shida yoyote.

Leo Mwingereza amebaki na mawili, "uncle" na "aunt". Akikuambia kwamba "uncle" yake amefariki, hujui msiba uko upande gani wa nyumba. Ukitaka kujua inabidi umwulize, naye atalazimika kukutungia kifungu kizima: ni kaka yake mama yangu.

Je, tofauti ile ilikuwa na uzito wowote, au ni majina tu? Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus aliandika mwaka 98 juu ya makabila ya Kijerumani, ambayo ndimo walimotoka babu wa Waingereza. Anasema kwamba kwao mtoto wa dada anaheshimiwa na mjomba wake sawa na anavyoheshimiwa na baba yake mzazi. Anaongeza kwamba wapo walioona undugu huo ni mtakatifu kuliko wa baba na mwana, hata wanapochukua mateka ili kuhakikisha mkataba unatimizwa, wanapendelea kuchukua watoto wa dada, kwa kuwa wanajua mjomba hatathubutu kuvunja neno. Karibu miaka mia tisa baadaye, mwaka 991, kulipiganwa vita Maldon, mashariki mwa Uingereza, baina ya Waingereza na maharamia wa Kiskandinavia. Lipo shairi la vita hiyo, limetufikia likiwa limekatika mwanzo na mwisho. Mshairi anapomtaja kijana Wulfmær, aliyekatwakatwa kwa mapanga, anaona ni lazima atuambie alikuwa nani kwa Byrhtnoth, jemadari wa Waingereza: alikuwa "swuster sunu", mtoto wa dada yake. Sisi tunaye mtu huyo na tunalo jina lake kamili. Ni mpwa. Kifo cha mpwa mbele ya macho ya mjomba kilikuwa na uchungu wa namna yake, na wasikilizaji wa shairi lile walielewa mara moja.

Sasa lilikuja nini? Tarehe 14 Oktoba 1066, William wa Normandy alimshinda Mfalme Harold karibu na Hastings, na kwa vizazi kadhaa baada ya hapo wakubwa wa Uingereza walizungumza Kifaransa. Ndani ya Kifaransa chao mlikuwa na "oncle" na "aunte". Na hapa pana jambo linalostahili kusimuliwa polepole. "Oncle" limetokana na Kilatini "avunculus". "Avunculus" kwa Warumi alikuwa mjomba, kaka wa mama peke yake. Kaka wa baba walimwita "patruus". "Aunte" nalo limetokana na "amita", dada wa baba, na dada wa mama alikuwa "matertera". Kwa hiyo Warumi nao walikuwa na majina manne. Kifaransa kikaua mawili, kikabaki na mjomba na shangazi, kikawabebesha mizigo ya wenzao waliokufa. Kisha maneno hayo mawili yakavuka bahari na kuua manne ya Kiingereza.

Hayakuua siku moja. Geoffrey Chaucer, mshairi aliyekufa mwaka 1400, ana shairi refu la mapenzi lililowekwa katika mji wa Troy, na ndani yake mwanamke anamwita mjomba wake mara "em", ambalo ni lile "ēam" likiwa limezeeka, na mara "uncle". Kinywa kimoja, mtu yuleyule, maneno mawili. Ukiisoma kurasa zile unaliona neno likiwa katika siku zake za mwisho, bado linaitikiwa, lakini mrithi ameshaingia ndani. Huko kaskazini na Uskoti "eme" liliishi muda mrefu zaidi. Kwenye Kiingereza cha kawaida halipo tena.

Wakwe nao walikwenda. Baba mkwe alikuwa "swēor" na mama mkwe "sweger". Mume wa binti yako alikuwa "āðum". Mke wa mwanao, ambaye Kiswahili kinamwita mkaza mwana, alikuwa "snoru". Ndugu wa kiume wa mume wako alikuwa na jina lake peke yake, "tācor". Wote wamezikwa, na mahali pao pamechukuliwa na utaratibu mmoja wa kuunganisha, "father-in-law", "brother-in-law" na kadhalika, yaani baba wa kisheria, kaka wa kisheria. Unaweza kusema ni utaratibu mwepesi na unajifunzika haraka. Ni kweli. Lakini mtu aliyekuwa na jina lake sasa anaelezwa kwa jina la mwenziwe.

Nimekaa hapa kwa sababu. Sikilizeni jinsi watoto wetu wa mjini wanavyowaita watu, Nairobi, Dar es Salaam, hata Unguja. Mjomba ni anko. Ami ni anko. Baba mdogo ni anko, rafiki wa baba ni anko, dereva wa basi la shule ni anko. Shangazi ni anti, mama mdogo ni anti, mwalimu wa chekechea ni anti. Maneno yaleyale mawili, baada ya kumaliza kazi Roma, Ufaransa na Uingereza, yamefika sebuleni kwetu. Katika jamii zetu nyingi mjomba ana fungu lake katika mahari, na shangazi ana nafasi yake kwa mwali ambayo mama mdogo hawezi kuikalia. Mtoto anayekua na anko sita na anti saba, siku ya posa ataanza kuuliza nani ni nani. Simlaumu mtoto. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna cha kupoteza.

Twende kwenye jambo la pili, namna ya kumwita mtu unayezungumza naye.

Kiingereza cha leo kina "you" kwa wote. Mmoja ni "you", umati ni "you". Hapo zamani mmoja alikuwa "thou", na wengi walikuwa "ye" au "you". Kiingereza cha Kale kilikwenda mbali zaidi: kilikuwa na "wit" kwa sisi wawili na "git" kwa nyinyi wawili, viwakilishi vya watu wawili tu, wasiopungua wala kuzidi. Hivyo vilitoweka mapema, kabla hata ya karne ya 14.

"Thou" lilikufa kifo cha aibu, na walioliua ni watu waliokuwa wakitafuta heshima. Kutoka kwa Wafaransa, Waingereza waliiga desturi ya kumwita mkubwa kwa wingi. Mkubwa akawa "you", mdogo akabaki "thou". Halafu kila mtu akataka kuwa mkubwa. Novemba 1603, Walter Raleigh alisimama mbele ya mahakama Winchester akituhumiwa uhaini dhidi ya Mfalme James. Mwendesha mashtaka, Edward Coke, alipotaka kumvunja kabisa alimtupia maneno haya: "I thou thee, thou traitor." Amelifanya neno kuwa kitenzi. Anamwambia, mimi nakuita "thou", msaliti wee. Kwa sikio la leo hapo pana lugha ya kizamani ya kupendeza. Kwa waliokuwa ndani ya ukumbi ule lilikuwa kofi.

Miaka hamsini hivi baadaye wakatokea Wakwekeri, wafuasi wa George Fox, waliosema binadamu wote ni sawa mbele ya Mungu, kwa hiyo tajiri, hakimu na mfalme wote wataitwa "thou". Walipigwa kwa ajili ya hilo, wakatukanwa, na baba waliona ni matusi mazito watoto wao wakiwaita hivyo. Hawakushinda. "You" lilimeza nchi nzima, isipokuwa vijiji vya kaskazini, Yorkshire na Lancashire, ambako wazee wameendelea kusema "tha" na "thee" hadi nyakati zetu. Kwingineko "thou" lilibaki katika sala. Na kwa kuwa lilibaki katika sala tu, wasemaji wengi wa Kiingereza leo wanadhani ni neno la kumtukuza Mungu, la juu sana. Ilikuwa kinyume. Lilikuwa neno la mtu wa karibu, neno unalomwita mama yako, mtoto wako, mwenzako wa kitandani.

Wafasiri wenzangu, nataka niwaonyeshe hasara iliyopatikana. Chukueni Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, Luka sura ya 22. Nasoma kama mfano wa lugha, na ndugu zangu Waislamu watanivumilia. Yesu anamwambia Petro: "Simon, Simon, behold, Satan hath desired to have you, that he may sift you as wheat: But I have prayed for thee." Mnaona? Kwanza "you", kisha "thee". Wafasiri wa 1611 hawakuchanganya. "You" ni wanafunzi wote, "thee" ni Petro peke yake. Shetani amewataka wote, lakini aliyeombewa hapo ni mmoja, ili naye awaimarishe wenzake. Ukiiandika kwa Kiingereza cha leo, "you" na "you", maana hiyo inazama, na wafasiri wa sasa hulazimika kuongeza maneno au kuweka tanbihi. Sasa ifungueni Biblia ya Kiswahili, ile ya Union: Shetani "amewataka ninyi", kisha "nimekuombea wewe". Iko palepale. Kiswahili hakikulazimika kuhangaika hata kidogo, kwa kuwa bado kina maneno yote mawili, la mmoja na la wengi, na Kiingereza kilitupa moja.

Siku na usiku nitazipitia kwa haraka. Kiingereza kilikuwa na neno moja la juzi, "ereyesterday", na neno moja la kesho kutwa, "overmorrow", ambalo linaonekana katika Biblia ya Miles Coverdale ya mwaka 1535. Yote mawili yametupwa, na sasa mtu husema kwa urefu, siku iliyo baada ya kesho. Walikuwa pia na "sennight", usiku saba, yaani wiki, neno ambalo Jane Austen bado alilitumia mwanzoni mwa karne ya 19. Ndugu yake ni "fortnight", usiku kumi na nne, ambalo Waingereza wanalo hadi leo. Kwa nini usiku? Tacitus yuleyule anasema watu wale walihesabu usiku badala ya mchana, na kwamba kwao usiku ndio unaoitangulia siku. Kwa Mswahili hilo halihitaji maelezo. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa, na hata watangazaji wa redio wanasema hivyo. Lakini nani humu, mwenye umri chini ya miaka thelathini, anatumia mtondo kwa siku inayofuata kesho kutwa, na mtondogoo kwa siku inayofuata mtondo? Naona mikono michache.

Sasa niwageukie walimu, kwa maana kuna maneno ya aina nyingine ambayo yanawaangusha wanafunzi wenu kila mwaka. Hadi hapa nimetaja maneno ambayo ukiyaona unajua hujui. "Snoru" halimdanganyi mtu, atafungua kamusi. Linalodanganya ni neno lenye sura ya kila siku ambalo maana yake ya kale imekufa likiwa limesimama. Mwanafunzi analipita bila kulitilia shaka.

Mfano wangu ni "prevent". Leo ni kuzuia. Katika Biblia ile ya 1611, waraka wa kwanza kwa Wathesalonike sura ya 4, Paulo anasema kwamba sisi tulio hai "shall not prevent them which are asleep". Mwanafunzi atafasiri: hatutawazuia waliolala. Atatafuta mahubiri mazima ya kueleza ni kwa nini walio hai wangetaka kuwazuia wafu. Lakini "prevent" wakati ule lilikuwa karibu na mzizi wake wa Kilatini, kuja mbele. Kiswahili cha Union kinasema sawasawa: "hatutawatangulia". Hivyohivyo "meat". Katika Mwanzo sura ya kwanza Mungu anawapa watu mimea yenye mbegu na matunda ya miti, kisha anasema "to you it shall be for meat". Nyama gani inayoota mtini? "Meat" lilikuwa chakula chochote, na ndivyo Kiswahili kilivyoandika, "chakula chenu".

Lakini ninaloliogopa kuliko yote ni "let". Kila mwanafunzi wa darasa la tano anajua "let" ni kuruhusu. Lilikuwepo "let" jingine, lililotoka kwenye "lettan" la Kiingereza cha Kale, na maana yake ni kuzuia. Maneno mawili tofauti, asili mbili, maana zinazopingana, yaliyokuja kufanana kwa matamshi hadi yakawa sauti moja. Lugha haiwezi kubeba mzigo wa namna hiyo kwa muda mrefu. Moja lilibidi life, likafa la kuzuia. Paulo anawaambia Warumi kwamba alikusudia mara nyingi kwenda kwao, "but was let hitherto", na mfasiri asiyejua ataandika kwamba aliruhusiwa, na sentensi nzima itageuka nyuma mbele. Alizuiliwa. Neno hilo halijazikwa kabisa. Fungueni pasipoti ya Uingereza, na za nchi kadhaa za Jumuiya ya Madola, ukurasa wa mwanzo: wanaombwa wote wanaohusika wamruhusu mwenye hati apite "without let or hindrance", pasipo kizuizi wala kipingamizi. Kwenye tenisi pia mwamuzi hutamka "let" mpira wa kuanzia ukigusa wavu, na watazamaji hudhani amesema neno la kuruhusu mpira urudiwe.

Mahali pengine ambapo maneno ya kale hayafi ni mahakamani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 196, na ile ya Kenya, kifungu cha 203, zinaeleza kosa la kuua kwa "malice aforethought". Hakuna Mwingereza anayesema "aforethought" sokoni wala nyumbani. Ni nia iliyofikiriwa mbele, na sisi kwa Kiswahili tunasema vizuri zaidi, mauaji ya kukusudia. Watu wamehukumiwa kifo katika nchi zetu kwa neno ambalo hata wakalimani wengi walikuwa wakilikisia.

Na hili ndilo linalonirudisha kwenye chanzo cha vifo vyote hivi. Baada ya 1066, Kiingereza hakikufutwa. Wakulima walikisema, wanawake walilelea watoto kwacho. Kilichotokea ni kwamba kiliondolewa mahali penye uzito: ikulu, kwa askofu, mahakamani. Maneno ya mambo makubwa yalipokosa mahali pa kutumika yalikauka. "Sige" likaachia nafasi "victory". "Frið", amani, likaachia "peace". "Wuldor" likaachia "glory". Hata fukara, "earm", akaitwa kwa Kifaransa, "poor". Walikuwepo waliopinga. Mwaka 1340 mtawa mmoja wa Canterbury, Michael wa Northgate, alimaliza kufasiri kitabu cha dini kutoka Kifaransa hadi Kiingereza cha Kent, akakataa kukopa jina lake. Dhamiri aliiita "inwyt", akili ya ndani. Majuto aliyaita "ayenbite", kuuma tena. "Ayenbite of Inwyt": dhamiri inavyorudi kukuuma. Mimi kama mfasiri namheshimu sana mzee yule. Alionyesha kwamba lugha ya kijiji inaweza kubeba mambo ya moyoni kwa ufasaha. Hakuungwa mkono, na Waingereza wakaenda na "remorse of conscience".

Mwaka 1362 bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba mashauri mahakamani yaendeshwe kwa Kiingereza. Sababu iliyotolewa iliandikwa wazi: watu wanaoshtaki na kushtakiwa hawaelewi kinachosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Karibu miaka mia tatu ilikuwa imepita tangu Hastings, na ilibidi ipite mingine mia nne karibu, hadi 1733, ndipo Kilatini na kile Kifaransa cha wanasheria vilipoondolewa kabisa. Tanzania ilipitisha sheria mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ninaposikia watu wakisema Kiswahili hakina maneno ya sheria, nakumbuka kwamba Kiingereza nacho kiliambiwa hivyo, na wakati kinarudishwa mahakamani maneno yake mengi ya asili yalikuwa yameshakufa kwa kukosa kazi.

Tumeyajuaje yote haya? Kwa sababu watu wa kawaida waliandika vikaratasi. Mwaka 1857 chama cha wanaisimu cha London kiliamua kwamba kamusi zilizokuwepo hazitoshi. Mwaka 1879 kazi ya kutunga mpya, ile inayoitwa leo Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, ilikabidhiwa James Murray, mwalimu wa shule. Alijenga kibanda cha mabati, akakijaza vishubaka zaidi ya elfu moja, akatoa tangazo kuwaomba wasomaji wa Uingereza, Marekani na makoloni wasome vitabu vya kale na kumtumia maneno. Walikuwa makasisi, wake wa nyumbani, madaktari, mfungwa mmoja katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kila mmoja aliandika neno kwenye kona ya karatasi, chini yake mwaka, mwandishi, kitabu, ukurasa, kisha sentensi nzima kama ilivyo. Watoto wa Murray walizipanga kwa alfabeti wakapewa vijisenti. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884. Murray alikufa 1915 kazi haijakwisha. Ilikwisha 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 414,000, na kila neno lililokufa limewekewa mbele yake alama ndogo ya jambia. Neno moja, "bondmaid", yaani kijakazi, liliachwa nje kwa sababu vikaratasi vyake vilipotea, na likaingizwa katika nyongeza ya 1933. Hilo si neno dogo. Wanawake waliobeba jina hilo walikuwa wengi, hata katika pwani yetu.

Mambo yaliyowezesha kamusi ile hayakuwa fedha nyingi wala mitambo. Kwa hiyo nina ombi. Pale mezani karibu na mlango kuna karatasi zilizokatwa. Kila mmoja achukue kadhaa aende nazo nyumbani. Tunaanza na majina ya ukoo na ya ukwe: mkaza mwana, mkaza mjomba, mavyaa, bavyaa, mwamu, wifi, na yale ya kwenu ambayo mimi siyajui. Andika neno juu kushoto. Andika sentensi kama mzee alivyoitamka, usiirekebishe. Andika mahali na mwaka, na kama ni bibi au babu aliyesema, na umri wake. Jina lake usiliandike ila kwa ruhusa yake. Kama neno linatamkwa tofauti Pemba na Lamu, andika karatasi mbili. Mwalimu wenu wa Kiswahili atazikusanya kabla ya mtihani wa muhula.

Ahsanteni sana. Kama kuna maswali, tuanze na waliokaa nyuma.